Ninachagua fimbo, au namlilia baba?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mpwa wako wa huku Mafinga. Nina miaka 34, nafanya kazi kwenye kiwanda cha chai Mufindi, na siku zangu za mapumziko nazimalizia bwawani nikivua trauti kwa chambo cha manyoya. Uongozi wa shamba unaturuhusu watu wachache, tunaandika majina getini, tunavua. Naomba unisaidie, maana nimebakiza wiki mbili tu za kutoa jibu na usingizi umeanza kupungua.

Baba yangu, aliyefariki mwaka juzi, kwa miaka mingi alikuwa akiwaongoza wageni waliokuja kuvua kwenye haya mabwawa. Mgeni mmoja alipoondoka alimwachia fimbo yake. Ni ya faiba, rangi ya asali, futi saba na nusu, na karibu na mpini imeandikwa namba 5. Ndiyo niliyojifunzia. Baba alikuwa ananisimamisha nyuma ya nyumba, anafunga kipande cha sufi mahali pa ndoano, halafu anasimama nyuma yangu: "Ngoja. Ngoja. Haya, sasa." Mpaka leo nikirusha mshipi nyuma naisikia ile "ngoja".

Mwezi wa tano mlango wa Noah uliibana ile fimbo. Ncha ikakatika, kama vidole vinne hivi. Mama aliiviringisha kwenye kanga yake akaiweka juu ya kabati, na hakuna aliyeigusa tena.

Sasa natakiwa kununua nyingine. Mtoto wa shangazi yangu yuko Uingereza, anakuja Desemba, na amesema nimwambie mwisho wa mwezi huu anibebee ipi. Yeye si mvuvi. Aliingia duka moja akanipigia simu analalamika: "Kaka, hapa kuna fimbo mia, zote zinafanana!" Nimeweka laki sita.

Rafiki yangu mmoja, mhandisi wa Iringa mjini, ambaye tunavua pamoja, ana fimbo ya kaboni ya futi tisa, namba 6, ngumu kabisa. Anarusha mpaka katikati ya bwawa. Anasema mtu mzima hanunui kitu kingine, hizo laini ni za watoto. Jumamosi iliyopita alinipa nijaribu. Mjomba, niliaibika. Samaki walikuwa wanapanda karibu, mita sita au saba kutoka kwenye majani, lakini mshipi wangu ulikuwa unaanguka umejikunja kama tambi. Baada ya nusu saa bega likaanza kuuma. Trauti mmoja akashika, nikavuta, uzi wa mbele ukakatika papo hapo. Rafiki yangu akacheka, akasema baba aliniharibu mkono.

Kuna na fundi wa mianzi hapa jirani anayeniambia niachane na vya Ulaya, atanitengenezea kwa elfu thelathini.

Ukweli wa moyo wangu ni kwamba nataka fimbo laini kama ile ya baba. Lakini sijui kama huko ni kuchagua fimbo, au ni kumlilia baba. Tena nina hamu ya kuja huko kwenu siku moja nivue kwenye vijito vya mto Kiwira, na nasikia huko ni mambo mengine kabisa. Ninunue ipi?

Mpwa wako, Mafinga

*

Marahaba, mpwa wangu. Na pole kwa baba. Miaka miwili si mingi.

Nianze na lile neno la kuharibiwa mkono, kwa sababu limeniuma mimi kama lilivyokuuma wewe. Si kweli. Umeeleza vizuri yaliyotokea Jumamosi, na kila kilichotokea kina sababu yake. Hakuna hata sababu moja iliyomo kwenye mkono wako.

Ukienda Matema ukawatazama wavuvi wa mshipi wa Ziwa Nyasa, utaona anayerusha anarusha chubwi. Risasi ile nzito ndiyo inayoruka, na mshipi unaifuata nyuma. Sisi wa chambo cha manyoya hatuna chubwi. Chambo chenyewe ni manyoya ya jogoo na uzi, ukikipuliza kinapeperuka. Kwa hiyo mshipi wenyewe ndio chubwi. Ndiyo maana ni mnene, na ndiyo maana una namba. Namba inatokana na uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani mita tisa na kidogo: mshipi namba 4 una karibu gramu 8 kwenye urefu huo, namba 5 gramu 9, namba 6 gramu 10 na kitu. Fimbo ikiandikwa namba 6 maana yake imetengenezwa ipindwe na uzito huo. Ikishapinda inarudi, na ule urudi wake ndio unaopeleka mshipi mbele.

Sasa hesabu. Samaki walikuwa mita sita au saba. Hiyo mishipi mingi huwa myembamba mwanzoni, kwa hiyo pale hewani ulikuwa na pungufu ya gramu 8. Na fimbo ile ni ngumu, inapinda juu tu, kwenye theluthi ya mwisho. Haikupinda. Ulikuwa umeshika mti. Mtu akishika mti usiopinda anaanza kutumia nguvu za bega, na bega likauma. Rafiki yako harushi mita sita. Anatoa mita kumi na tano, ishirini, na huko fimbo yake inaamka.

La pili ni mwendo wa mkono. Fimbo ya faiba inapinda mpaka kwenye mpini, na kurudi kwake ni kwa taratibu. Baba alikufundisha mwendo mrefu, mlaini, wenye subira. Fimbo ngumu inataka mwendo mfupi, kisha kusimama ghafla, kama mtu anayepigilia msumari mdogo. Ukiipa mwendo wa baba, kile kitanzi cha mshipi hewani kinafunguka kikawa kipana mno, na mshipi unaanguka umejikunja. Tambi zako hizo.

Na yule trauti aliyekukatia uzi, fimbo laini ingemsamehe. Inapinda pamoja naye, inameza ule mshtuko wa kwanza. Ngumu inapeleka mshtuko wote kwenye uzi mwembamba.

Hayo nimeyasema ili ujue kwamba unachokipenda si udhaifu. Lakini nisipomtendea haki rafiki yako nitakuwa nimekudanganya. Kwa pale bwawani, yeye ana hoja, na ni hoja nzito. Mufindi naijua Juni na Julai. Asubuhi ukungu umekaa juu ya maji, huoni hata mstari wa pili wa michai, kumetulia kiasi kwamba trauti akipanda unamsikia kabla hujamwona. Ikifika saa nne, saa tano, upepo wa kusini-mashariki unaingia, na bwawa zima linakunjamana. Hapo fimbo laini inakuwa mateso. Kitanzi chake ni kipana, upepo unakishika unakurudishia usoni, na nimewahi kuona ndoano ikiingia kwenye sikio la mtu namna hiyo. Fimbo ngumu inatengeneza kitanzi chembamba kinachopasua upepo. Na urefu wa futi tisa unakusaidia kuinua mshipi juu ya majani ya nyuma. Kwa hiyo akisema yake ndiyo fimbo ya bwawa, mkubalie. Akisema ndiyo fimbo ya mtu mzima, hapo mkatalie.

Maana angekuja nayo huku kwetu angeteseka yeye. Wengi wakisikia Kiwira wanawaza Daraja la Mungu na Kijungu, kule mto umeshakuwa mkubwa na unanguruma. Mimi nazungumzia juu zaidi, vijito vinavyoshuka kutoka mlimani kabla havijakutana, kwenye maji ya baridi ambayo trauti anayapenda. Kuna mahali navuka kwa hatua tatu. Matawi yamefunika kama paa, mawe yana utelezi wa kijani, na samaki amekaa nyuma ya jiwe mita nne kutoka kwenye magoti yako. Nasema magoti kwa sababu unarusha umepiga magoti, ukisimama ameshakuona. Nyuma yako hakuna nafasi. Unaipinda fimbo kwa mkono wa pili kama upinde, unashika chambo kwa vidole viwili, unaachia. Fimbo isiyopindwa na mita nne za mshipi haina kazi hapo, hata ingekuwa ya milioni tatu.

Mimi natumia futi nane, namba 4, laini kiasi, ya kaboni. Nimekuwa nayo muda mrefu na sibadilishi. Nakwambia hivyo ili ujue ninapoegemea, wala usiniige. Mkono wangu ni wangu na mimi bwawani siendi sana. Wewe maji yako ya kila wiki ni bwawa, na vijito ni vya safari mara mbili tatu kwa mwaka. Hesabu yako ni nyingine.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Mwambie mtoto wa shangazi akuletee fimbo ya kaboni, futi nane na nusu, namba 5, yenye ugumu wa wastani, inayogawanyika vipande vinne.

Namba 5 kwa sababu rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, na mshipi wa baba unavyo tayari, na mshipi mzuri ni ghali kuliko watu wanavyodhani. Ukihamia namba 6 laki sita haitoshi. Futi nane na nusu kwa sababu upepo wa Mufindi utaipenda, na chini ya matawi utashika juu kidogo ya mpini, itafupika. Vipande vinne kwa sababu ya basi. Kila kipande kinakuwa kama sentimita 65, kinalala kwenye begi juu ya kichwa chako kuanzia Mafinga mpaka Uyole, na hakuna mlango wa Noah utakaokifikia. Zamani tulikuwa tunaogopa maungio mengi kwamba yanaua mpindo. Fimbo za siku hizi hazina tatizo hilo.

Na kwa nini kaboni, wakati moyo wako uko kwenye faiba? Faiba bado inatengenezwa, na ni nzuri. Lakini kwa ukubwa ule ule ni nzito zaidi, na uzito huo unausikia kwenye ncha, hasa mwisho wa siku. Kaboni iliingia kwenye fimbo za kuvulia miaka ya 1970, na wengi wanadhani kaboni maana yake ni ugumu. Hapana. Inategemea fundi ameipanga vipi. Kuna kaboni inayopinda mpaka karibu na mpini, nyepesi, inayokupa ile subira uliyoizoea, na upepo ukija bado ina kitu cha kukupa. Hiyo ndiyo unayoitaka wewe. Nasema hivyo kwa sababu naona barua yako inazungumzia mpindo. Faiba umeitaja mara moja tu.

Shida ni kwamba mtoto wa shangazi si mvuvi, na maandishi ya kwenye fimbo hayatamsaidia. Namba ya uzito ina kipimo kinachojulikana. Ugumu hauna. Kila kampuni inaandika inavyotaka, "wastani" ya huyu ni "ngumu" ya yule. Basi mfundishe kwa simu jambo moja. Aunganishe fimbo dukani, aishike imelala sawasawa na sakafu, amwombe muuzaji avute ncha chini taratibu, halafu aipige picha kwa ubavu. Ikipinda theluthi ya juu peke yake, airudishe. Ikipinda mpaka katikati na kushuka kidogo, hiyo hiyo. Akutumie picha kabla hajalipa. Wewe utaiona fimbo ya baba kwenye picha, au hutaiona.

Halafu mpini. Watu hawauzungumzii mpini, na ndio unaoshika siku nzima. Mingi ni ya koki, kile kitu chepesi wanachozibia chupa za mvinyo, na inatofautiana unene. Umesema fimbo ya baba aliiacha mgeni. Mimi sijaushika mpini wake, ila wewe umeushika. Zungushia uzi pale kidole gumba kinapokaa, pima uzi kwa rula, mtumie kipimo. Mpini mnene kuliko kiganja chako unakufanya ukabe, na ukikaba mkono unachoka kabla ya saa sita mchana.

Kabla hujampigia, Jumamosi hii fanya jambo moja nitakaloliamini kuliko maneno yangu yote. Muombe rafiki yako fimbo yake tena, lakini msiende bwawani. Nendeni kiwanja cha mpira. Funga sufi badala ya ndoano kama alivyofanya baba. Toa mita kumi na mbili za mshipi, siyo sita. Mwendo mfupi, simama ghafla, usitumie bega. Rusha mara hamsini. Inawezekana kabisa kwamba baada ya mara ya thelathini mkono wako utasema, "kumbe!" Ikiwa hivyo, basi jibu langu limebadilika: agiza ngumu, namba 5, na usione haya kuwa umembadilikia baba. Mkono ukikataa hata kwa mita kumi na mbili, basi umekataa kwa kuujua mshipi, siyo kwa aibu ya Jumamosi iliyopita.

Fundi wa mianzi usimpuuze, ila usimpe kazi hii. Fimbo za mwanzi za kurushia chambo cha manyoya zipo na zinaheshimiwa sana duniani, lakini si mwanzi mzima. Wanachukua mwanzi wa kusini mwa China, wanaupasua, wanaranda vipande sita vyenye pembe tatu, kila kimoja kinapungua unene kuelekea nchani kwa vipimo vidogo kuliko unywele, kisha wanavigundisha pamoja. Mwanzi mzima wa elfu thelathini utakuvulia perege na kambale kwa minyoo bila matatizo. Ninyi watu wa Iringa mnaojua kutengeneza mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, mna kazi nyingine ya kumpa: akutengenezee mbeta ndefu, sentimita 75, atoboe vifundo vya ndani kwa chuma cha moto, aweke mfuniko wa ngozi. Hakuna bomba la plastiki la kubebea fimbo linaloshinda hilo, na yeye atapata hela yake kwa kazi anayoiweza.

Sasa swali lako lenyewe, kama unachagua fimbo au unamlilia baba.

Mpwa wangu, vyote viwili, na sioni ubaya. Mtu anapoonja fimbo kumi akasema "hii", anayesema ni mkono, na mkono umefundishwa na mtu. Wako umefundishwa na baba. Ile "ngoja" unayoisikia ni kipimo cha muda mshipi unaohitaji kunyooka nyuma. Alikupa kipimo sahihi, kwa sauti yake. Ukichagua fimbo inayoipa nafasi "ngoja" hiyo, umechagua kwa ujuzi.

Ila nakuomba usimtake mtoto wa shangazi akuletee fimbo ya baba kutoka dukani. Hiyo haipo huko. Iko juu ya kabati la mama, na imekatika vidole vinne tu.

Ishushe. Vidole vinne kwenye fimbo ya faiba ya futi saba na nusu si kifo. Itakuwa ngumu kidogo kuliko ilivyokuwa, utaisikia siku ya kwanza na kuizoea siku ya pili. Pale ilipokatika ikate iwe sawa kwa msumeno wenye meno madogo, ukiwa umeizungushia utepe wa karatasi wenye gundi isipasuke. Piga msasa laini. Pete ya zamani ya ncha haitaingia, kwa sababu hapo fimbo ni nene zaidi, kwa hiyo nenda karakana ya kiwanda chenu, waombe waya wa chuma kisichoshika kutu, mwembamba. Kunja kitanzi kidogo chenye miguu miwili, ulainishe kwa msasa mpaka uzi ukipita usikwaruzike. Laza miguu kwenye fimbo, moja huku, nyingine huku, funga kwa uzi wa kushonea, mizunguko imebanana bila nafasi, kisha paka gundi ile ya kuchanganya kutoka vichupa viwili. Izungushe fimbo polepole mkononi mpaka gundi iache kutiririka. Usiijaribu siku hiyo hata kama imeshika. Iache mpaka kesho yake.

Na siku ukienda nayo bwawani, kabla upepo haujaingia, mpe rafiki yako arushe. Mpe mita sita, samaki wakiwa karibu na majani. Usimcheke. Msimamie nyuma umwambie "ngoja", kama ulivyoambiwa.

Desemba ukipata mpya huku mvua zitakuwa zimeanza, na vijito vyetu vitakuwa vya rangi ya chai ya maziwa. Usisubiri hiyo. Septemba na Oktoba maji ni masafi, unaona mpaka changarawe. Panda basi la asubuhi, shuka Uyole, chukua Coaster ya Tukuyu, na uje na hiyo hiyo ya baba. Kanga umrudishie mama.

Mjomba wako, Tukuyu